Kanga wa Sultani Haidari

Hapo zamani, wafalme walipokuwa na shibe nyingi na kazi chache, palikuwa na Sultani mmoja jina lake Haidari, mwenye tumbo lililomtangulia barazani kama tarishi. Sultani huyu alikuwa na mchezo wake. Kila Ijumaa baada ya sala huketi akaeleza wanyama wa nchi fulani, walioko na waliokwisha kutoweka, kisha humwamuru mtu aitaje nchi hiyo. Na mbiu ilikuwa imepigwa mji mzima: "Atakayeshindwa kuijua nchi kwa wanyama wake, na ahame nchi hii, awe nani awe nani!" Basi ikawa watu wamehama kweli, na vyumbani mwao wamelala farasi wa Sultani.

Ijumaa moja zamu ikamwangukia Kibushuti, fukara mcheshi aliyeitwa hivyo kwa sababu bushuti lake moja lilikuwa nguo mchana, shuka usiku, na pazia wageni wakija. Mkewe, Mwanatumu, alikuwa mja mzito wa leo au kesho. Akamshika pindo.

"Ukifukuzwa, mimi nitajifungulia wapi? Njiani?"

"Nyamaza, mke wangu. Mtu asiye na kitu hana cha kufungasha."

"Cha kufungasha ni mimi!"

Basi Kibushuti akaenda. Sultani akainua yai kubwa kama mtungi, akasema, "Ewe Kibushuti! Ndege aliyetaga yai hili alikuwa mrefu kupita mlango huu, wala hakuruka. Nchini mwake wamo na komba wa kila namna, wasioonekana kwingine. Ndege mwenyewe hayupo tena duniani. Anatoka nchi gani?"

"Hatoki, bwana wangu."

"Hatoki?"

"Kama amekwisha kufa, atatokaje? Maiti hatoki, hutolewa."

Baraza likaangua kicheko. Sultani hakucheka. "Ni Bukini, kile kisiwa kikubwa cha kusini, mpumbavu we! Watu wajinga wale! Ndege wao wenyewe, wa kwao, wamekaa naye mpaka amewaishia mikononi! Haya, funga mizigo."

Kibushuti akamwona moyoni Mwanatumu njiani na uchungu wake. Akapiga magoti. "Bwana wangu, maadamu nimekwisha kuwa msafiri, niruhusu nami nikuulize nchi moja, nipate la kusimulia huko niendako."

Sultani na mchezo wake, atakataa wapi? "Uliza."

"Iko nchi, bwana wangu, ilijaa ndege wa madoa meupe, kichwa kipara, mbio nyingi. Leo kanga wamekwisha, kanga zimebaki. Ni nchi gani?"

"Kanga zimebaki?"

"Viunoni mwa wanawake, bwana wangu."

Sultani akashika ndevu. "Maskati!"

"La."

"Misri! Bara Hindi!"

"Bado, bwana wangu, unakwenda mbali."

Sultani akapandwa na hasira. "Nchi hiyo haipo! Kanga wakiisha, watu watakula nini? Mimi jana tu nimekula supu ya kanga!"

"Jana, bwana wangu, ulimla Makelele, jogoo wangu."

Mpishi Feruzi, aliyesimama nyuma na sinia, sinia likaanza kulia lenyewe.

"Feruzi!"

Feruzi akaanguka kifudifudi. "Nisamehe, bwana wangu! Kanga wa mwisho ulimla harusini kwa bintiyo. Tangu hapo nanunua kuku kwa Mwanatumu, nawatia madoa ya chokaa, nawapitisha mbele yako, kisha nachinja."

"Kumbe! Ndiyo maana yule aliwika!"

"Nilikwambia ana mafua, bwana wangu."

Kibushuti akasema kwa upole, "Basi nchi yenyewe ni hii. Nami mbiu niliisikia vizuri: awe nani awe nani."

Baraza zima likatazama dari. Sultani akatazama lango, akatazama tumbo lake, akaona safari haiwezekani. Mara akacheka, akacheka mpaka kilemba kikaanguka.

"Ewe Kibushuti, nihame niende wapi?"

"Bukini, bwana wangu. Hutapata taabu kuzoeana nao."

Saa ile ile mbiu ikafutwa, waliohama wakaitwa, na farasi wakatolewa vyumbani mwa watu. Ikapigwa pia marufuku: kanga yeyote atakayerudi nchini asiguswe, hata na Sultani, na hasa Sultani.

"Nawe nikupe nini?" Sultani akauliza.

"Jogoo wangu, bwana wangu."

"Si nimekwisha kumla?"

"Basi mtunze mwenye kuku, ndiye mke wangu."

Mwanatumu akajifungua salama, juu ya kitanda chake, chini ya paa lake, na Sultani akampelekea doti ya kanga yenye madoa meupe. Mwanatumu akaikunjua, akaigeuza huku na huku, akamfunika mwanawe.

"Afadhali hizi," akasema. "Haziliki."