Mapeasi ya Naelijwa

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya redio na mapaa ya bati, mchoraji wa Kiingereza aitwaye Bi Harriet alipanga nyumba milimani Usangi. Watu hakuwachora, wala milima. Alichora vitu vilivyotulia mezani: sahani, kisu, matunda.

Jirani yake alikuwa Namsifu, aliyefiwa na mwanawe wa pekee, Naelijwa, masika yaliyopita. Siku moja Bi Harriet akaona dirishani kwa Namsifu kikombe cha bati cha buluu, akakiomba akichore. Namsifu alisita, maana kilikuwa cha marehemu. Mwisho akakitoa.

Picha ikakamilika: sahani ya mapeasi, na kikombe kando yake. Namsifu aliitazama, akalia, akarudi kwake.

Kesho yake mchana akaitwa tena. Peasi moja pichani lilikuwa limeng'atwa. Alama za meno zilikuwa ndogo, na katikati pana pengo. Namsifu akalijua pengo lile la mwanawe.

"Umechora wewe?" akauliza.

"Mama Naelijwa, sijaigusa."

Namsifu akapitisha kidole pale palipong'atwa. Rangi ilikuwa kavu.

Mapeasi yakaliwa, yakaliwa, hata vikabaki vikonyo. Hapo ikaanza kusikika sauti ukutani, kwaru, kwaru, kama mtoto anayekwangua sahani tupu. Bi Harriet hakuvumilia. Akashika brashi, akachora mapeasi mengine, na sauti ikanyamaza. Lakini kidole chake kimoja kikafa ganzi. Alipochora tena, cha pili kikafuata. Naye hakuacha kuchora.

Namsifu akawa haondoki pale. Aliketi mbele ya picha akizungumza nayo, akiiimbia, na chakula, kilichokuwa hakimpiti kooni tangu msiba, kikaanza kumpita. Ndipo mama mkwe wake, Bibi Nakiete, aliyemwosha marehemu kwa mikono yake, akaja kuona mkwewe anashinda wapi. Alipoona meno yale, akavuta kanga usoni.

"Mwanangu, mfu anayekula hajafika anakokwenda. Nipeni niichome, mjukuu wangu apate njia. Mimi ndiye niliyemuaga kwa maji ya mwisho."

"Mama, nimemzika mara moja," Namsifu akajibu. "Mara ya pili siwezi. Mtoto ni wangu, kikombe ni chake. Picha itakaa chumbani kwangu."

"Na atakula nini?" akauliza Bi Harriet, akiinua mkono wenye vidole vilivyopooza. "Picha niliichora mimi, na mkono huu unakwisha kwa ajili yake. Nitaondoka nayo. Nisipomlisha mimi, nani atamlisha?"

Bibi akashika fremu kwa chini, akiivuta kuelekea mekoni. Namsifu akaidaka kushoto. Bi Harriet akaikumbatia kulia. Hakuna aliyeachia. Kwaru, kwaru, ikaanza tena, mara hii kwa haraka, kama mwenye njaa kali. Na Namsifu akahisi fremu ikivutwa kwa juu, ambako hakukuwa na mkono wa mtu.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msiniangalie mimi. Kuna aliyezaa, kuna aliyelisha, kuna aliyetaka mtoto apumzike. Je, nani alistahili kuachiwa picha ile?