Mapipa Matatu ya Mnada wa Lerai

Mtazama pipa huligonga.

Kaeni vizuri, wajukuu, mjifute vumbi, kwa maana methali niliyowaambia sasa hivi, baada ya baiskeli yenu kulivaa tangi la maji, si maneno ya kuchezea. Ni hekima ya kale, iliyopokezanwa vizazi kwa vizazi. Naam, ina miaka arobaini na mmoja. Na chanzo chake ni hiki.

Hapa Lerai palikuwa na mwanamke aitwaye Nailepu, mchota maji kwa punda. Punda wake aliitwa Karani, kwa sababu alitembea kama mtu aliyebeba mafaili ya serikali. Lakini siku ya mnada mkubwa wa kiangazi, Karani alikuwa mnyama mwingine. Siku hiyo mapipa matatu yaliyojaa maji yalipangwa uwanjani kama mafiga. Kila mpanda punda aliyazunguka moja baada ya jingine, kisha akatimua mbio hadi kwenye kamba, na dalali wa mnada ndiye aliyeshika saa. Kila mmoja alipewa mizunguko miwili, ukahesabiwa ulio bora. Ukiangusha pipa, mzunguko wako umekufa, na pipa unalijaza mwenyewe. Kitongoji cha mshindi ndicho kilichotangulia kuchota kisimani kiangazi kizima.

Nailepu alianza akiwa binti wa miaka kumi na sita, na alianza vibaya: Karani alizunguka pipa, yeye akaendelea moja kwa moja. Hakukata tamaa. Katika njia ya kisimani, siku baada ya siku, akagundua kwamba punda huenda anakotazama mpandaji. Shingo ikigeuka, kiuno hufuata, na punda husikiliza kiuno. Basi kabla hajalifikia pipa, macho yake tayari yalikuwa kwenye njia ya kutokea. Baada ya anguko lile alishinda mara tano, bila kumwaga tone.

Mwaka wa nane kiangazi kilikuwa kikali. Kisima kilikauka kila adhuhuri, na waliochelewa walirudi na madumu matupu. Akina mama wa kitongoji chake, Oloirieni, wakamsindikiza hadi uwanjani kwa nasaha. "Angalia mapipa, mwanangu!" "Mapipa hayo, Nailepu, mapipa!" Akafika kichwa kimejaa mapipa tu.

Mpinzani wake alikuwa kijana wa ng'ambo ya korongo. Jina lake limenitoka, ila alikuwa mrefu, mzuri wa sura, mwenye meno meupe, hodari kupita kiasi.

Karani akalizunguka pipa la kwanza, akalizunguka la pili. Kwenye la tatu sauti ikapaa kutoka kwa watu: "Dada, tazama pipa hilo!"

Nailepu akatazama. Karani, mtumishi mtiifu, akaenda alikotazamishwa. Pipa likalala, maji yakanywewa na vumbi.

Alikuwa akimimina ndoo ya nane mama yake alipomjia.

"Mama, nimewaua kwa kiu."

"Usituzike, bado tunahema. Pipa hilo limesimama hapo miaka mingapi?"

"Minane."

"Na leo ndiyo umeliona?"

"Si ninyi mliosema niyaangalie!"

"Sisi tunajua nini? Umewahi kuniona juu ya punda? Nikikuelekeza kupika, nisikilize. Haya ya punda, nifundishe mimi."

Nailepu akacheka hadi nusu ya ndoo ikamwagika. Mzunguko wa pili hakuona pipa hata moja. Aliona njia tu. Sekunde kumi na tisa.

Akabaki kijana yule mzuri, ambaye mzunguko wake wa kwanza ulikuwa wa sekunde ishirini. Pipa la kwanza, salama. La pili, salama. Alipolikaribia la tatu kinywa kikamkauka, jicho likaiba kidogo, likaangukia pipa. Goti likaligonga. Punda wake alifika kwenye kamba peke yake.

Nailepu akamletea ndoo. "Kaka, kisima kiko kule. Mtazama pipa huligonga."

Watu walicheka hadi mbuzi wakashtuka, na Oloirieni wakachota wa kwanza mpaka mvua zikanyesha. Nailepu alishindana miaka minne zaidi, na Karani akazeeka kwa heshima na kitambi.

Mnasemaje? Nimejuaje kwamba kinywa kilimkauka? Watu husimulia. Na mbona namsifu hivyo? Sura nzuri ni sura nzuri, Nashipai, usinitolee macho. Na nani alipiga ile kelele?

Haya, mmenikamata. Kijana ni mimi. Na kelele ni mimi pia; nilijibanza nyuma ya ng'ombe wa watu nikampigia, nikaona nina akili sana. Kumbe pipa nililomtia yeye machoni, nimejitia na mimi. Nilibeba ndoo kumi, Nailepu akizihesabu kwa sauti mbele ya mnada mzima, na kwenye ya kumi nikamwambia ukweli. Akanirudisha kwenye ndoo ya kwanza, nianze kuhesabiwa upya.

Ndiyo maana naijua vizuri kuliko mtu yeyote: mtazama pipa huligonga.