Uso Uliochukuliwa na Mto

Hii ni hadithi ya watu watatu na kichwa kimoja. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara wasikilizaji hugombana, nami hurudi nyumbani bila jibu. Sikilizeni hata hivyo.

Huko Ufaransa, karibu kila ofisi ya meya ina sanamu ya kichwa cha Marianne, mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Wafaransa walipomwondoa mfalme kwa Mapinduzi yao walihitaji uso mwingine wa kuutazama, wakamtunga huyu, wakamvika kofia ya watumwa walioachwa huru. Yeye ndiye Jamhuri. Kijiji cha Saint-Aubry, kando ya mto, kilikuwa na Marianne wake wa plasta.

Kijijini hapo, mjane Odile Garrec alikuwa na masikio: mto ukibadili sauti, yeye husikia. Fernand Roussel, mstaafu wa reli na mkomunisti, alikuwa na kifua ambacho maji hayakukiweza. Zalihata Mmadi, fundi plasta, mzaliwa wa Marseille kwa wazazi kutoka Ngazija, alikuwa na vidole.

Mto ulipofurika, Odile ndiye aliyesikia ukuta wa ofisi ya meya ukipasuka. Akakimbilia kanisani, akavuta kamba ya kengele mpaka viganja vikachubuka. Jamhuri iliwahi kumkata kichwa padri wa ukoo wake, na kwao hawajasahau. Hata hivyo alivuta. Bila kengele ile wanakijiji wangebaki mezani, na watu wale hawaachi chakula cha mchana kwa jambo dogo.

Fernand hakuwa ameitii kengele ya kanisa tangu abatizwe. Siku hiyo aliitii. Alijifunga kamba kiunoni, akaingia majini, akamkuta Marianne, aliyesombwa na maji, amevunjika, vipande vimenaswa kwenye matawi chini ya daraja. Akavitia guniani kimoja kimoja. Bila yeye, vingekuwa baharini.

Zalihata alipokea gunia. Akaosha, akapanga, akaunga. Ikarudi kofia, zikarudi nywele, ikarudi shingo. Uso tu ndio uliochukuliwa na mto. Bila yeye, Jamhuri ya Saint-Aubry ingekuwa kifusi.

Meya Tessandier, kwa furaha, akatangaza: uso mpya ufanane na wa yule aliyeiokoa sanamu, na Zalihata aufinyange. Uchovu ukaanzia hapo.

"Kimsingi," alisema Meya, maana huko hakuna kikao kisichoanza na kimsingi, "aliyeita watu ndiye aliyeokoa."

"Uso wa mtu wa misa?" Fernand akauliza. "Bi Odile, nakuheshimu, lakini Jamhuri na kanisa walishapeana talaka."

"Basi tumpe Marianne masharubu yako, Fernand," Odile akajibu.

"Usawa hauangalii masharubu."

"Hayo yako hata kipofu anayaona."

Diwani mmoja akamgeukia Zalihata. "Na wewe, bibie, hasa asili yako ni wapi?"

"Marseille."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo sikuwapo."

Mwingine, kwa upole kabisa, akataka kujua kama kile kitambaa alichojifunga kichwani kwa ajili ya vumbi kitaonekana kwenye sanamu.

"Bwana Diwani, Marianne amefunika kichwa tangu Mapinduzi. Mlishawahi kumuuliza?"

Meya akagonga meza. "Jamaa, Jamhuri haitazami sura za watu. Mbele yake wote ni sawa."

"Sasa sura inaitakia nini, Bwana Meya?" akauliza Zalihata.

Kisha wakaanza upya, kwa kimsingi.

Msidhani walipigania sifa. Odile alitaka ukoo wake upatane na nchi yake kabla hajafa. Fernand alikuwa na babu aliyeuawa na wavamizi wa Kijerumani, akazikwa pasipo jina; alitaka angalau sura ya ukoo huo ikumbukwe. Zalihata alitaka mahali pamoja tu kijijini ambapo watu watautazama uso wake bila kuuliza umetoka wapi.

Vikao vikaja, vikaenda. Kila kikao Zalihata alichanganya plasta akingoja neno, na kila kikao plasta iliganda ndooni, kwa sababu plasta haina subira ya wanafalsafa. Hadithi inasimama kwenye mkesha wa sikukuu ya taifa. Bendi imekwisha fika. Marianne yuko juu ya nguzo yake, ana kofia, ana shingo, na katikati hana kitu. Plasta iliyobaki inatosha ndoo moja, na Zalihata ameshaitia maji.

Aliyesikia, aliyeingia majini, aliyeunga. Nimewaza mengi kuhusu watu hawa na simlaumu hata mmoja, ila wamenichosha. Sasa ndoo naiweka mbele yenu. Ingekuwa mikononi mwenu, mngefinyanga uso wa nani? Semeni upesi, pembeni plasta imeshaanza kuganda.