Neno Alilotaka Kusema Ipuki

"Kusoma kaburi si kumsikia aliyemo." Mmeisikia leo matangani mkaguna, eti ndiyo methali gani hiyo. Haya, wekeni hizo simu. Methali hii ilianza hivi, nami nawapa kama nilivyopewa na bibi yangu.

Huko Misri ya kale palikuwa na mzee akiitwa Ipuki. Siku moja alikwenda na jirani yake kuzibua mfereji wa shamba, akarudi peke yake. Alisema mwenzake ameteleza akazama. Mbele yake watu walimpa pole, nyuma yake wakanong'ona. Mjane wa yule jirani, Hunero, akakataa katakata kumwoza binti yake Tuya kwa Senu, mwana wa Ipuki. Alisema mwanawe hataingia nyumba ya aliyemuua baba yake. Na vijana hao, masikini, walipendana kweli.

Ipuki akaugua. Alipokuwa akikata roho alimshika mwanawe mkono. "Mwanangu, siku ile ya mfereji..."

Senu akamwonea huruma, akamkatiza. "Pumzika, baba. Yako yote yameandikwa."

Maana kule maiti alizikwa na maandiko ya kumtetea mbele ya miungu, na ya Ipuki yalikuwa tayari. Mzee akanyamaza, akafa.

Siku ya maziko Senu alimwita Hunero, akamwomba kuhani asome. Kuhani akasoma: "Sikuua. Sikumliza mtu."

"Umesikia, mama?" Senu akauliza.

Hunero akamgeukia kuhani. "Hayo aliyasema Ipuki?"

"Hapana, mama. Wote huandikiwa hivyo. Nafasi ya jina huachwa wazi, na lake nililitia mimi. Hata mumeo alizikwa nayo."

"Basi ni ushahidi, au ni maombi?"

Kuhani akayatazama tena maandiko. "Kusoma najua. Lakini walioyatunga walikufa zamani sana, na hakuna wa kumwuliza walikusudia nini."

Hunero akamtazama Senu. "Na mwenyewe hakukwambia neno?"

"Alitaka kuniambia," Senu akasema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

"Hata mimi nilitaka kujua, mwanangu." Hunero akamshika Tuya mkono, wakaondoka.

Tuya aliozwa mbali. Senu hakuoa. Aliyajua maandiko yale yote kwa moyo, akawa anayarudia kaburini mpaka mvi zikamjaa, na hayakumwambia kitu. Kila aliyemwuliza habari za baba yake, Senu alimjibu hivi: kusoma kaburi si kumsikia aliyemo.