Kwa Nini Watu wa Chilonje Hujibu Mara Moja

Zamani zile, barabara kuu ilipokuwa bado inapita katikati ya Chilonje, watu wa mji huo walikuwa na adabu ya kuchosha. Ukimkaribisha mtu chakula na kumwuliza atakula nini, alijibu, "Chochote." Ukimwuliza tena, alijibu, "Chochote tu, usijisumbue." Ulipomwuliza mara ya tatu ndipo alipokwambia kwamba anataka mlenda wenye karanga, na ugali wa uwele usiwe mgumu. Wenyewe walisema swali la kwanza ni salamu, la pili ni heshima, na la tatu ndilo swali. Aliyejibu mapema alihesabiwa mlafi, na akipeleka posa kwa watu, ilirudishwa.

Mji wenyewe uliishi kwa mabasi. Yalisimama dakika kumi, abiria wakachimba dawa, wakala, wakaondoka. Aliyejulikana kuliko wote pale stendi alikuwa Bi Ndahani, mjane aliyekaanga kuku wa kienyeji. Watoto wake wawili walikuwa wamemaliza shule kwa kikaango kile, na wawili wadogo walikuwa bado wanasoma. Abiria hakuwauliza mara tatu, maana dereva alikuwa anapiga honi. Pale stendi pekee ndipo adabu ilipopumzika kidogo.

Serikali ikaamua kuijenga barabara upya kwa lami. Akaja injinia na ramani yake, mtu mstaarabu, mzaliwa wa mbali. Njia zilikuwa mbili: ya kupita mjini, na ya kuzunguka nyuma ya kilima, kilomita tisa kutoka stendi. Kwake yeye zote zilikuwa sawa, ndiyo maana akaitisha mkutano awaulize wenyeji wanapenda ipite wapi.

Mzee Makasi, mwenyekiti wa mji, akasimama, akakohoa. "Popote tu, mgeni wetu."

Injinia akashangaa. Akauliza tena, safari hii akiwaonyesha mistari miwili kwa ncha ya kalamu.

"Popote mtakapoona panafaa. Sisi hatuna neno."

Bi Ndahani, aliyekuwa ameketi na wanawake wenzake, akainuka nusu. "Mzee Makasi, mwambie ipite hapa."

"Kaa, mwanangu," mzee akamjibu kwa upole. "Bado hajauliza."

Akakaa. Mkutano mzima ukanyamaza kusubiri swali la tatu. Jibu lilikuwa tayari, hata maneno yake walikuwa wameyapanga tangu jana yake. Injinia akaandika kwamba wananchi hawana pingamizi, akafunga daftari, akawashukuru, akapanda gari. Walibaki wamekaa mpaka vumbi likatulia, kisha mmoja akauliza kama labda atarudi.

Hakurudi. Yalikuja matingatinga, nayo yakaenda nyuma ya kilima.

Siwezi kusema mji ulikufa, maana miji haifi kirahisi hivyo. Ulinyamaza. Stendi iliota nyasi, fundi wa pancha akageukia ufugaji wa nyuki, na wachuuzi waliozoea kukimbizana na madirisha ya basi wakajifunza kulala mchana. Wako waliosema wamepata utulivu, na ni kweli waliupata. Bi Ndahani hakuutaka. Kila alfajiri alibeba kikaango kichwani hadi kwenye lami mpya, lakini huko mabasi hayakusimama. Alirudi na kuku wale wale, wamepoa. Mwaka wa pili mwanawe wa tatu akaacha shule.

Siku moja adhuhuri Mzee Makasi alipita kwake, amechoka, tumbo tupu. Mama akampa shikamoo na kigoda.

"Nikupe nini, mzee?"

"Chochote, mwanangu."

Bi Ndahani akafunika kikaango, akakaa. Mzee alisubiri kwa mazoea, kwa kuwa alijua swali litarudi. Halikurudi. Harufu ya kuku ilikuwa imejaa pale, na majirani waliokuwapo walianza kutazamana.

"Nimekwisha kuuliza," mama akasema. "Siku ile uliniambia nikae, nikakaa. Leo mwanangu anachunga mbuzi wa watu. Mimi siulizi tena, mzee wangu."

Mzee Makasi akainama. Aliona aibu, na hakujaribu kuificha. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajibu swali lililoulizwa mara moja.

"Paja," akasema. "Nina njaa."

Akapewa paja.

Na tangu siku hiyo, ukimwuliza mtu wa Chilonje anataka nini, hukwambia papo hapo: paja, siyo shingo, chai, sukari vijiko viwili, binti yako wa pili, siyo wa kwanza. Wageni wachache wanaofika huko husema watu wale hawakufundwa. Walifundwa vizuri sana. Ndiyo maana mabasi hayapiti kwao.