Chungu Kilichovuka Korongo

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika milima ya kusini palikuwa na mji uitwao Kasabani, mji wa mawe na makomamanga, ambao watu wake walijivunia kitu kimoja kuliko vyote. Hawakujivunia soko wala ngome. Walijivunia chuo cha watoto wao. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mcha Mungu, Bi Unaisa binti Hudhaifa, Mola amrehemu, aliyeirithi kazi ile kwa baba yake.

Chuo hicho hakikuwa cha Sultani. Kilikuwa cha mji, na mji ulikishika kwa chungu. Ndiyo, chungu cha kupikia! Kila siku nyumba moja ilikuwa na zamu ya kupika chakula cha mwalimu na wanafunzi. Wenye zamu wakishaleta chungu chao hukaa nyuma ya watoto wakasikiliza somo. Baba asiyeridhika anauliza. Mama aliyeona mwanawe kaonewa anasema hapo hapo, mbele ya wote. Mwalimu anasomesha huku akitazamwa na wale wanaomlisha, na jambo hilo, ndugu zangu, humfanya mwalimu asisinzie. Mimi nimesomesha watoto, najua ninachosema.

Basi ikaja mbiu ya Sultani. Mpiga mbiu alisimama sokoni akatangaza kuwa Sultani amepata habari za kumchoma moyo: katika miji mingi wakubwa wa mji wamevigeuza vyuo kuwa mali yao, watoto wao wanasoma, na watoto wa wanyonge wanachunga mbuzi. Kwa hiyo tangu sasa vyuo vyote vitakuwa chini yake. Mwalimu atatoka mji mkuu, chakula kitatoka Baitulmali, hazina ya dola, na wazazi watabaki nje ya ua. Hautaachiwa chuo chake ila mji ambao mjumbe wa Sultani atakuta watoto wake wote wanasoma, bila kubaki hata mmoja, na wanasoma vizuri.

Watu wa Kasabani wakacheka. "Sisi? Kwetu sisi nani asiyesoma?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Ng'ambo ya korongo, upande ambao upepo hupeleka harufu mbali na mji, waliishi watengeneza ngozi, na watoto wao hawakusoma. Hakuna aliyesimama mlangoni na bakora kuwafukuza. Ila kanuni ilikuwa moja: nyumba isiyopika haipeleki mtoto chuoni. Na watengeneza ngozi hawakupewa zamu, kwa sababu, eti, nani angekula chungu chao? Wanashika ngozi mbichi, wananuka, basi wakasemwa ni najisi. Lahaula! Kila aliyefungua kitabu cha tohara anajua kwamba ngozi ikishatengenezwa imetoharika. Lakini mtu akiamua kusikiliza pua yake, kitabu hakisikii tena.

Bi Unaisa aliwahi kuwasemea kwenye baraza la wazee. Mkubwa wa baraza, Mzee Shuraihi, akamjibu, "Mwalimu, wewe somesha. Mambo ya vyungu tuachie wenye vyungu." Bi Unaisa akanyamaza, na miaka ikapita juu ya ukimya wake.

Habari zilipofika kwamba mjumbe yu karibu, Mzee Shuraihi alikwenda chuoni mwenyewe asubuhi, akaketi, akashusha sauti.

"Binti yangu, wale wa ng'ambo tumewaambia wasivuke korongo mpaka mgeni aondoke. Akiuliza, nitajibu mimi. Wewe sikutaki useme uongo, Mungu apishe mbali. Wewe funika kombe mwanaharamu apite."

Haya, mmesikia! Mjumbe wa Sultani ndiye mwanaharamu, na mwalimu wa Kurani ndiye mfunika kombe. Na tusimcheke sana mzee wetu, maana hakuwa mtu mbaya. Alikipenda chuo kwa dhati, na mapenzi yakizidi humpofusha mtu mzima.

Alipoondoka, Bi Unaisa alilia. Baba yake alifia katika chumba kile kile, msahafu ukiwa mapajani. Akiletwa mwalimu wa mbali, watoto wangesomeshwa na mtu asiyejua yupi anaogopa na yupi ana njaa, na mama zao wangesimama nje ya ukuta kama wageni. Jambo hilo alilihofu kuliko kifo. Lakini alijua vilevile kuwa kuna mama wengine waliokuwa nje ya ukuta siku zote, na yeye hakuwatetea ila mara moja. Akatawadha, akaswali rakaa mbili, akaomba, "Ee Mola wangu, nipe ulimi usioniaibisha mbele Yako, hata kama utaniaibisha mbele ya watu."

Mjumbe akaja. Jina lake Shekhe Mundhiri, mtu mpole wa sauti na mkali wa macho. Mji mzima ulijazana uani. Akawauliza watoto Kurani, wakasoma kwa tajwidi iliyomfanya afumbe macho. Akawauliza hesabu za mirathi, wakagawa. Akawauliza namna ya kugawa maji ya mfereji mwaka wa ukame ili wa chini asionewe na wa juu, wakaanza kubishana wao kwa wao kwa hoja, mpaka mjumbe akacheka na kusema, "Mashallah! Hawa hata mji mkuu sina wa kuwafananisha nao."

Watu wakapaza takbiri. Mzee Shuraihi alipangusa machozi kwa kilemba.

"Limebaki swali moja," akasema Shekhe Mundhiri, "nalo ni la mwalimu. Bi Unaisa, yuko mtoto yeyote wa mji huu asiyeingia mlango huu?"

Mzee Shuraihi akainuka haraka. "Shekhe, sisi wazee tunakuhakikishia..."

"Nimemuuliza mwalimu."

Bi Unaisa aliwatazama watoto wake, nao wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Wapo, Shekhe," akasema. "Ng'ambo ya korongo. Watoto wa watengeneza ngozi. Hatujawahi kula chungu chao, kwa hiyo hawajawahi kukaa mkekani petu."

Hapo kelele zilipanda! "Ametuuza!" "Mwanamke huyu ana wazimu!" Shekhe Mundhiri akanyoosha mkono mpaka wakatulia.

"Unajua ulilolisema, binti Hudhaifa?"

"Ninalijua. Nimekitoa chuo cha baba yangu kwa ulimi wangu. Lakini watoto hawa nimewafundisha wasiseme uongo, na wote wananitazama."

Mjumbe akasema, kwa huzuni, kwamba amri ni amri, akapokea ufunguo wa chuo na kuufunga mkandani mwake. Angeondoka kesho baada ya adhuhuri. Watu walitoka uani wakimpita Bi Unaisa bila salamu. Kuna mmoja alitema mate chini.

Na sasa tazameni walivyo waja wema. Mimi na wewe tungekwenda kujifungia ndani tukalala kifudifudi. Yeye alijitanda ushungi wake akavuka korongo mchana ule ule, akabisha hodi kwa Bi Jauhara, mke wa mtengeneza ngozi mkuu, mwanamke mwenye mikono iliyogeuka rangi ya magome ya mti kwa kazi.

"Karibu," akasema Bi Jauhara bila kusogea mlangoni. "Leo ndiyo mmetujua?"

"Nimekuja kuomba chakula."

"Chakula! Mmesikia mjumbe anatuulizia, ndipo mkaona chungu chetu kizuri?"

"Chuo kimekwishachukuliwa, dada yangu. Nimewataja ninyi, na ufunguo uko kiunoni mwa mjumbe. Sikuja kuokoa kitu. Nimekuja kwa sababu zamu yenu imerukwa miaka yote hii, na mimi ndiye mwalimu, na niliziona siku zikipita. Niwie radhi."

Bi Jauhara akajifanya kukasirika ili asilie. "Utakula boko-boko?"

"Nitakula utakachonipa."

Kesho yake, jua likiwa limepanda, watu sokoni waliona jambo ambalo Kasabani haikupata kuliona. Chungu kikubwa cheusi kilikuwa kikivuka korongo, kimetundikwa kwenye mti, mabegani mwa watengeneza ngozi wawili. Mbele yake alitembea Bi Jauhara, kichwa juu. Nyuma yake watoto wa ng'ambo, wameoga mpaka wanang'aa, wameshikana mikono. Wakapita katikati ya soko, mvuke wa boko-boko la ngano na kondoo ukiwatangulia. Watu waliziba pua kwa mazoea, kisha wengine wakaziachia, maana kilichonukia kilikuwa kitamu.

Chungu kikatuliwa uani. Mji ulikuwa umekuja kumuaga mjumbe, wote wamo. Bi Unaisa akaketi, akasema Bismillahi, akala. Hakuna mwingine aliyesogea. Watoto wake walimeza mate wakiwatazama wazazi.

Mzee Shuraihi alifoka kwa hasira. "Haikutosha kutuaibisha jana? Maji! Nipeni maji, koo limenikauka!"

Mchukuzi wa maji akamjia na kiriba. Mzee akakiinua, akagugumia.

"Kunywa taratibu, baba," akasema Bi Jauhara. "Kiriba hicho ngozi yake niliitengeneza mimi, na kukishona nikakishona mimi. Viriba vya mji huu vyote ni vya kwetu."

Subhanallah! Mzee alibaki na maji mdomoni, mashavu yamevimba. Ateme? Basi amekuwa akinywa najisi tangu utotoni, na udhu wake wote, na swala zake zote, zimekwenda na maji. Ameze? Basi na chungu ni halali. Mji mzima ulikuwa ukimtazama koo. Hata mjumbe alisogea mbele aone vizuri.

Mzee Shuraihi akameza.

Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, ndevu zote zimelowa. "Laa ilaaha illallah! Nimenyweshwa na mikono hii maisha yangu yote, nikakataa kulishwa nayo. Bi Jauhara, binti yangu, nisamehe. Nisogezeeni nafasi."

Akaketi chini kando ya chungu, akatia mkono. Mkubwa wa baraza alipokula, nani angebaki amesimama? Watu walifurika uani, watoto wa ng'ambo na wa mjini wakachanganyikana mkekani, vidole vikigongana chunguni, na takbiri zikapaa mpaka zikasikika mfereji wa juu. Bi Unaisa alilia tena, ila safari hii alikuwa akicheka pia.

Shekhe Mundhiri alikula mpaka akashiba. Kisha akanyanyuka, akafungua mlango wa chuo kwa ule ufunguo, akausukuma mpaka ukagota ukutani.

"Sultani alinituma nitafute mji ambao hakuna mtoto aliyebaki nje," akasema. "Jana haukuwapo. Leo nimeuona kwa macho yangu, na nimekula chakula chake. Kwetu mji mkuu watoto wanalishwa na Baitulmali, na hakuna mama anayekaa nyuma kumwambia mwalimu amekosea. Haya nayo nitamwambia Sultani. Chungu ni chenu: mwalimu ni wenu, zamu ni zenu, na mkeka wa nyuma ni wenu. Lakini mlango, enyi watu wa Kasabani, mlango ni wa Sultani. Nimeuacha wazi, na ufunguo ninampelekea yeye."

Akapanda nyumbu wake akaenda zake, na Sultani, inasemwa, aliupokea ufunguo ule akaridhia neno la mjumbe wake. Mlango wa chuo cha Kasabani haukufungwa tena. Na Bi Unaisa alipofikwa na mauti, aliyekaa kwenye mkeka wake kusomesha alikuwa binti wa Bi Jauhara, na mji ndio uliomchagua.

Basi, enyi mnaosikia, mpendao mambo ya kwenu yabaki mikononi mwenu, mna haki. Lakini hesabuni kwanza nani hajakaa mkekani. Nanyi mlio wakubwa wa nchi, shikeni mlango, vyungu muwaachie wenyewe. Mola atujaalie ulimi kama wa binti Hudhaifa siku tutakayoulizwa sisi, na atusamehe kila zamu tuliyoiruka huku tukiona.