Nani Aliyewavusha Wanakwaya wa Kinasoro

Hadithi hii ina watu watatu na magari mawili, lakini hukumu haina. Hukumu mtaitoa ninyi, kwa hiyo sikilizeni vizuri, asije mtu akaniambia baadaye kwamba hakusikia.

Pale nchi ya Iramba inapomalizika kushuka, ndipo inapoanza mbuga ya Wembere. Ni tambarare ya udongo mweusi, haina mti wala jiwe. Kiangazi imepasuka kama kisigino cha mkulima, masika inageuka uji. Ukingoni mwa mbuga hiyo kipo kijiji cha Kinasoro, na hapo aliishi mwanamke aitwaye Eunike Mkumbo.

Eunike alikuwa dereva. Alikuwa ameendesha gari la wagonjwa la hospitali ya misheni mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo hakuwahi kumlaza mgonjwa porini. Watu walisema anaijua mbuga kama anavyolijua jiko lake, naye hakujisumbua kukanusha. Alikuwa na binti mmoja, Penina, na mtoto wa kaka yake, Kiula, aliyemlea tangu kaka yake alipofariki. Wote wawili walimwomba awafundishe kuendesha gari mahali pasipo na barabara, na wote wawili aliwakubalia. Ila walikataa kufundishwa kwa namna moja.

Penina alijifunza katika pikapu ya mama yake. Ilikuwa vilevile ilivyotoka kiwandani: magurudumu yote manne yanasukuma, basi, hapakuwa na jingine. Gari la namna hiyo halikusamehe. Penina akikosea kidogo, limezama. Alichimba matope kwa jembe hadi viganja vikaota sugu, na mama yake akakaa pembeni akimenya karanga, asinyanyue mkono kumsaidia. Lakini kwa kuzama huko alijifunza. Alijua kupunguza upepo wa matairi mpaka yalalie udongo badala ya kuukata. Alishuka akatembea peku mbele ya gari, akasikiliza kwa nyayo mahali ukoko wa juu unapobeba na mahali unapodanganya. Ikafika wakati akawa anapita na gari la kawaida mahali ambapo ng'ombe walikuwa wanasita.

Kiula alikuwa fundi magari, na alitaka kujifunza katika gari alilolitengeneza mwenyewe. Alipata pikapu kama ile ya shangazi yake, akaibadilisha. Aliinyanyua kwa springi ndefu, akaivika matairi makubwa yenye meno, akapandisha bomba la hewa hadi juu ya paa ili injini isinywe maji, na mbele akafunga winchi, mashine ya kuvutia yenye waya wa chuma. Gari lile lilimpa moyo. Aliingia mitoni, akapanda makorongo, akajifunza maji yanavyosukuma na mahali pa kuyakata. Alijua waya unaweza kuvuta nini na utakatika lini, kwa kuusikia tu unavyolia. Hakuzama mara nyingi kama Penina. Lakini alipozama, alizama kwelikweli, maana gari lake lilikuwa zito, na kulitoa kulikuwa kazi ya mchana kutwa.

Jioni, wakila, hawakuacha kubishana. Penina alisema gari lililoongezwa vitu humfichia dereva makosa yake. Kiula alisema gari lisiloongezwa kitu humfundisha dereva kuogopa. Walimgeukia Eunike awaamue, naye aliwaambia wapitishe mboga. Moyoni alikuwa na fahari, lakini si ya kuwaonyesha.

Masika ya mwaka ule mvua zilikuja mapema. Kwaya ya Kinasoro ilikuwa imekwenda kuimba kwenye mkutano wa injili ng'ambo ya mbuga, na ilikuwa inarudi na lori. Asubuhi simu ya Eunike ikalia. Alikuwa mwalimu wa kwaya, Zakayo, na sauti yake haikuwa ile ya kuongoza nyimbo. Lori lilikuwa limekwama katikati ya mbuga, upande wa pili wa mto unaoikata mbuga hiyo. Ndani mlikuwa na kina mama, wazee na watoto wachanga, na maji yalikwisha kufika kwenye vyuma vya magurudumu. Milimani bado kulikuwa kweusi kwa mawingu. Kwa maneno mengine, maji mengi yalikuwa bado njiani.

Magari yote mawili yakawashwa. Kabla hawajatoka kijijini, Penina alimwambia Kiula ashushe kila kitu kizito kisicho na kazi: keria ya juu, tairi la akiba, masanduku ya vyuma. Kiula alikunja uso. Vitu vile alivichomelea kwa mikono yake. Lakini alishika spana akavitoa.

Penina akatangulia, mama yake kando yake. Sehemu ya kwanza ya safari ilikuwa mbuga tupu, na mvua ilikuwa imeilainisha mpaka haionyeshi tofauti ya pagumu na pateketeke. Penina alishuka, akatembea, akarudi, akasogeza gari, akashuka tena. Alimtaka Kiula amfuate lakini asikanyage alama za magurudumu yake, kwa sababu gari la kwanza likishavunja ukoko, la pili litazama humo humo. Mahali pamoja Kiula alichoka na mizunguko akataka kukata moja kwa moja. Penina alisimama mbele ya gari lake, matope yamemfika magotini.

"Ukipita hapo," alisema, "leo tutakuwa na magari mawili ya kuokoa badala ya moja."

Kiula akamfuata. Eunike alitazama mbele kupitia kioo, akaona njia ambayo yeye mwenyewe asingeichagua, na ilikuwa nzuri kuliko ambayo angeichagua. Wakafika mtoni bila kuzama hata mara moja.

Hapo ndipo kazi ya Penina ilipoishia. Mto ulikuwa umejaa, maji ya kifua, rangi ya kahawa, na pikapu yake ingezimika kabla ya kufika nusu. Ng'ambo waliliona lori limeinama upande, watu wamesimama juu ya bodi, kina mama wameinua watoto. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanaimba, polepole, ili watoto wasilie.

Kiula aliingia. Hakuyakabili maji kifua mbele. Aliyakata kwa mshazari, kwa mwendo mmoja usiobadilika, akisukuma wimbi mbele ya bampa. Maji yalipanda hadi juu ya boneti. Bomba la hewa juu ya paa likawa linavuta pumzi kama mpiga mbizi. Gari likayumba, likaenda pembeni, likapata ardhi, likatoka. Penina alijikuta ameshika mkono wa mama yake kwa nguvu.

Kiula akapakia wazee na kina mama wenye watoto, akarudi nao majini. Katikati alipita vizuri. Lakini alipofika ukingo wa huku akakwama: ukingo ulikuwa wima na umelainika kama sabuni, na gari lilikuwa limejaa watu. Magurudumu yalizunguka bure, na maji yakaanza kulisukuma gari kwa nyuma. Alimrushia Penina ndoano ya winchi. Waya alikuwa nao, nguvu ya kuvuta alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mahali pa kuufunga. Waliufunga kwenye pikapu ya Penina, na winchi ilipoanza kuvuta, pikapu ile nyepesi ikaserereka kuelekea mtoni badala ya gari la Kiula kupanda. Kiula alilegeza waya haraka. Penina alimgeukia mama yake.

Eunike hakuwa na winchi, na pikapu yake ilikuwa imeshindwa. Alikwenda nyuma ya pikapu, akafungua tairi la akiba, akalibingirisha mpaka mbali kidogo na ukingo.

"Chimba," alimwambia binti yake. "Chimba hadi lizame lote, na zaidi."

Walichimba, mama kwa sepetu na binti kwa jembe. Walilisimamisha tairi ndani ya shimo, wakalizungushia waya, wakachimba mfereji mwembamba ili waya uvute kwa chini na si kwa juu, wakalifukia na kulishindilia kwa miguu. Udongo ule ule unaomeza magari, ukameza na tairi, ukalishika. Kisha Eunike alinyanyua mkono. Kiula aliwasha winchi. Waya ukakaza, ukalia, Kiula akausikiliza na kupunguza, akavuta tena. Tairi halikutoka. Gari likapanda ukingo likiwa na watu wote ndani, na bibi mmoja wa sauti ya pili akamshika Eunike uso kwa mikono miwili.

Kiula alirudi majini tena na tena mpaka ng'ambo kukabaki lori tupu. Kila safari tairi lile lilimtoa. Halafu Penina akatafuta njia mpya ya kurudi nyumbani, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeharibika, na jioni jua likiwa bado lipo wanakwaya waliingia Kinasoro wamechafuka hadi kwenye nywele, wote wazima. Siku iliyofuata lori halikuonekana. Mto ulikuwa umelifunika.

Kiangazi kilipofika, wanakijiji walijitolea, wakasomba mawe kutoka milimani, wakajenga kivuko cha mawe pale pale mtoni, ili asizame mtu tena. Kilipokamilika, mkutano ukaitishwa wa kukipa jina. Ubao ulikuwa mdogo. Jina moja tu.

Zakayo alisimama akasema kiitwe Kivuko cha Penina, kwa kuwa kama si njia yake, magari yote mawili yangezama mbugani na mto wasingeuona. Bibi wa sauti ya pili alisema kiitwe Kivuko cha Kiula, kwa kuwa njia bila gari la kuingia majini ingewafikisha kutazama watu wakifa. Mwenyekiti wa kijiji alisema kiitwe Kivuko cha Eunike, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha wote wawili, na tairi lake ndilo lililowatoa.

Wakamuuliza Penina, naye kwa ukweli alisema angependa jina lake. Wakamuuliza Kiula, naye akasema vivyo hivyo, bila kuangalia chini. Wote wakamgeukia Eunike, mwalimu, aamue.

Eunike alisimama. Aliwatazama vijana wale wawili aliowalea, mmoja na sugu za jembe, mmoja na makovu ya kuchomelea, akajisikia mrefu kuliko watu wote uwanjani. Na kwa sababu hakuwa mnafiki, alijua kuwa hata yeye jina lake angelipenda pale.

"Siku ile nilijivunia watu watatu," alisema. "Msinitake nipunguze wawili."

Akaketi. Mkutano ukavunjika bila jina. Kivuko kinapitika, watu wanavuka, na ubao bado mweupe.

Sasa ninyi hamjala mboga ya Eunike wala hamkupandishwa gari la Kiula, kwa hiyo hamna deni la kumpendelea mtu. Aliyeiona njia, aliyeingia majini, au aliyezika tairi? Brashi ya rangi ingekuwa mkononi mwako wewe uliyekaa hapo, ungeandika jina la nani?